Kurudi kutembea bila woga baada ya kubadilishwa nyonga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu aliyebadilishiwa nyonga na ya wanaomuuguza nyumbani. Yanahusu zaidi kipindi kile ambacho mshono umeshakauka, dawa za maumivu zimepungua, lakini mgonjwa bado anashika ukuta kila akienda chooni. Kazi yangu ni fiziotherapia, na jambo ninaloliona kila mara ni kwamba mguu huwa tayari kabla mwenyewe hajaamini. Pale daktari aliyekupasua alipokuelekeza tofauti na nilivyoandika hapa, fuata lake, kwa sababu yeye ndiye aliyeiona nyonga yako kwa ndani.

Daktari anasema mguu uko sawa. Mbona bado naogopa kuukanyagia?

Woga huo una sababu, na wala si udhaifu wa moyo. Kabla ya upasuaji uliishi na maumivu kwa miezi, pengine miaka, na mwili ukazoea kuulinda mguu huo: kuegemea upande mwingine, kukanyaga haraka na kuuondoa. Misuli ya pembeni ya tako, ambayo kazi yake ni kukishikilia kiuno kisidondoke upande unapoinua mguu wa pili, ikakonda kwa kukosa kazi. Halafu ukaja upasuaji wenyewe, misuli ikasogezwa au kukatwa na kushonwa. Sasa ukisimama kwa mguu huo unahisi unayumba, na kweli unayumba kidogo.

Ndiyo maana kumwambia mgonjwa "jikaze tu" hakusaidii. Misuli ikipata nguvu, kuyumba kunapungua, na woga unapungua nao. Wengi wanasubiri woga uishe ndipo waanze kutembea vizuri, na hapo ndipo wanapokwama, kwa sababu kila wiki ya kukaa inawaondolea nguvu kidogo waliyonayo. Fanya kidogo leo ukiwa umeshika kitu imara. Kesho mwili utakuwa umeona kwamba hakuna kilichoharibika, nawe utaongeza.

Nikikanyaga kwa nguvu, nyonga bandia haiwezi kuvunjika au kuchomoka?

Kuvunjika kwa ajili ya kutembea si jambo la kulihofia. Ndani yako kuna mhimili wa chuma ulioingia kwenye fupa la paja, juu yake kuna kichwa cha mviringo cha chuma au seramiki, nacho kinazunguka ndani ya kikombe kilichowekwa kwenye mfupa wa nyonga, mara nyingi kikiwa na plastiki ngumu ndani. Mfumo huu ulianza kufanya kazi vizuri mwaka 1962 mikononi mwa daktari John Charnley katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, na umeboreshwa tangu hapo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba karibu nyonga 6 kati ya 10 hudumu miaka 25. Imetengenezwa ikanyagiwe. Wagonjwa wengi husimamishwa siku ileile ya upasuaji au kesho yake, na hatufanyi hivyo kwa kuwaonea. Asiyepaswa kuweka uzito wote ni yule aliyeambiwa hivyo waziwazi, kwa mfano kama mfupa ulivunjika au uliungwa wakati wa upasuaji.

Kuchomoka ni habari nyingine. Nyonga haichomoki kwa uzito, inachomoka kwa mkao mbaya, na hatari kubwa iko katika miezi mitatu ya mwanzo. Kama ulipasuliwa kwa nyuma, yaani kovu liko upande wa tako, mkao mbaya ni kulikunja paja kupita pembe mraba, kukunja nne au kuuvusha mguu upande wa pili, na kuuzungusha mguu ili kidole gumba kitazame ndani. Mambo hayo yakikutana kwa pamoja ndiyo mabaya zaidi. Aliyepasuliwa kwa mbele anaonywa kinyume chake: asiurudishe mguu nyuma sana huku ameuzungusha nje. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza daktari ni hili: "Nilipasuliwa kwa upande gani, na ni mikao ipi nijihadhari nayo, kwa muda gani?" Madaktari wengine siku hizi wamelegeza masharti haya. Bila jibu hilo utaogopa kila kitu, hata visivyo na madhara.

Ni kitendo gani cha kawaida kinachowaponza watu?

Kugeuka. Umesimama jikoni, mtu anakuita kwa nyuma, "Mama!", nawe unageuza kiwiliwili huku mguu uliopasuliwa umebaki pale pale sakafuni. Hapo nyonga imezungushwa ndani kwa nguvu bila wewe kujua. Jizoeze kuitika kwanza bila kugeuka, halafu ugeuke kwa hatua ndogondogo, miguu ikiongoza na mwili ukifuata. Waambie na watoto nyumbani waje mbele yako wakikuita. Hatari nyingine ni kuinama ukiwa umekaa ili kuokota simu au kufunga kamba za viatu.

Nishike fimbo mkono gani, na niiache lini?

Mkono wa upande mzima. Nyonga ya kulia imepasuliwa, fimbo iko kushoto. Karibu kila mtu huanza kinyume, na ndugu humrudisha kwenye makosa wakidhani wanasaidia. Fimbo ikiwa upande mzima inasogea pamoja na mguu mgonjwa na kupokea sehemu ya mzigo ambao misuli ya tako ingebeba. Ikiwa upande uleule inakufundisha kuchechemea.

Urefu wake: simama wima na viatu vyako, mkono ukining'inia, na mshikio ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Mpira wa chini ukilika, nunua mwingine, maana sakafu yenye maji haisamehi.

Kuhusu kuiacha, usitazame kalenda. Wengi hutumia fremu au magongo kwa wiki 3 hadi 6 kisha fimbo. Acha fimbo ndani ya nyumba pale unapotembea bila kuegemea upande, hata kama ni wiki ya kumi. Nje endelea nayo kidogo: pamoja na kukushikilia, inawaambia watu wasikusukume.

Ngazi zinanitisha. Nianze na mguu upi?

Mzima apande kwanza, mgonjwa ashuke kwanza. Kupanda: mguu mzima, halafu mgonjwa pamoja na fimbo. Kushuka: fimbo, mguu mgonjwa, halafu mzima. Mkono mmoja uwe kwenye reli au ukutani. Anza na kizingiti cha mlango, halafu tofali moja lililolazwa imara, ukipanda na kushuka hadi usihitaji kukumbuka mpangilio.

Nyumbani tunatumia choo cha kuchuchumaa. Nifanyeje?

Swali hili watu huliuliza kwa sauti ya chini, na mara nyingi siku ya mwisho wodini, wakati lilipaswa kuwa la kwanza kabla ya kulazwa. Kuchuchumaa kunalikunja paja kupita kiasi kabisa, tena ukiwa umebanwa, sakafu imelowa na hakuna cha kushika.

Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati, kikakaa juu ya shimo. Wengine hutoboa kiti cha plastiki chenye mikono. Kinafaa iwapo ni kigumu na miguu yake haitelezi. Kabla hujakitumia, mtu mzito kuliko wewe akikalie na kujitikisa. Kimo chake kifike nyuma ya goti lako ukiwa umesimama au kizidi kidogo, ili ukikaa nyonga iwe juu ya magoti. Funga bomba au ubao imara ukutani wa kushika wakati wa kuinuka. Panga kopo la maji mahali pa juu, usiliweke sakafuni ukalifuata kwa kuinama. Choo cha kukaa kikiwa kifupi, kiinue kwa kiti cha nyongeza.

Je, utachuchumaa tena maishani? Wapo wanaoruhusiwa baadaye, kutegemea aina ya nyonga na upasuaji. Ushauri wangu ni upange maisha yasiyokulazimu. Safari ya basi la mkoani ndiyo mtihani wenyewe: gari linasimama porini abiria wakachimbe dawa, na mama mwenye nyonga mpya hana pa kukaa. Panda basi linalosimama kwenye vituo vyenye vyoo, na umwambie kondakta mapema, kabla hamjaondoka stendi. Kwa safari ndefu simama na kunyoosha miguu kila linaposimama, na ukiwa kitini chezesha vifundo vya miguu juu na chini ili damu isigande.

Naweza kurudi jikoni lini?

Ukiweza kusimama dakika kumi bila kushika, rudi, lakini jiko lifuate wewe badala ya wewe kulifuata. Jiko la mkaa lililoko chini lipandishwe juu ya matofali au meza imara. Kusonga ugali ukiwa umekaa kigoda, umejikunja, na sufuria umelibana kwa miguu, ni marufuku katika miezi ya mwanzo. Simama, tanua miguu kidogo, na nguvu itoke mabegani.

Kibao cha mbuzi nacho kiweke pembeni. Ukikikalia, magoti yako juu, kiuno kimeinama mbele na miguu imegeukia ndani au nje kuikaza mbao. Ni mkao ambao ningeuchora kama ningetakiwa kuonyesha namna ya kuitegua nyonga iliyopasuliwa kwa nyuma. Katakata nazi uisage kwenye blenda, au mwachie mwingine akune.

Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Kwa miezi mitatu ibebwe na wengine, na baada ya hapo anza na ndoo ndogo mbili, moja kila mkono, badala ya moja kubwa kichwani.

Kuswali na kupiga magoti je?

Mwenye kuswali akae kwenye kiti cha kimo kizuri na afanye rukuu na sijida kwa ishara, sijida iwe chini zaidi ya rukuu. Dini imempa mgonjwa nafasi hiyo. Asiiname hadi kifua kukaribia mapaja. Kikao cha tahiyatu ndicho cha kukiogopa kuliko sijida yenyewe, kwa sababu miguu inakunjwa na kuzungushwa ndani kwa wakati mmoja. Wazee wengine huumia moyo kuona wameacha mkeka, nami nawaelewa. Baadaye, kwa idhini ya daktari, tunaweza kufanya mazoezi ya kushuka chini na kuinuka.

Kupiga magoti huku umenyooka kiunoni si kubaya kama watu wanavyodhani. Tanguliza goti la mguu uliopasuliwa chini huku mguu mzima uko mbele, ukishika benchi. Kukalia visigino ndiko kwa kuepuka.

Nitapandaje daladala tena?

Hili linawafungia watu ndani kuliko maumivu. Ngazi ya daladala iko juu, konda anagonga bodi, dereva anaondoka ukiwa bado mlangoni. Kuogopa hapo ni akili timamu, kwa hiyo tunaligawa jambo vipandevipande.

Nyumbani zoea kwanza kupanda matofali mawili yaliyojengwa pamoja, ukishika nguzo kwa mikono miwili. Halafu nenda kituo cha mwanzo, mahali gari linapojaza, mnamo saa nne au saa tano asubuhi wakati hakuna msongamano. Panda, kaa, shuka kabla halijaondoka. Ukimweleza konda shida yako na kumlipa nauli yake, wengi hukubali. Siku nyingine enda kituo kimoja tu na mtu wa kukusindikiza. Ndipo uende peke yako. Mama mmoja niliyekuwa nafanya naye mazoezi alikuwa akishika bomba la mlangoni na kusema kwa sauti, kabla hajainua mguu, "Konda, mguu huu una chuma, usinikimbize." Gari zima likawa linamsubiri. Nimewafundisha wengine sentensi hiyo hiyo.

Chagua siti ya pembeni ya njia ili mguu unyooke, na anza kusogea mapema kabla ya kituo chako lakini usisimame gari likiwa kwenye mwendo. Dar es Salaam, mwendokasi una nafuu ya sakafu ya basi kulingana na jukwaa la kituo, ila epuka asubuhi na jioni kunaposukumana.

Kwenye gari dogo, sukuma kiti nyuma, geuza mgongo, kaa kwanza, halafu ingiza miguu yote pamoja. Kitambaa kinachoteleza juu ya kiti kinarahisisha kuzunguka. Bajaji ni hivyohivyo: kaa kwanza. Bodaboda iache angalau miezi mitatu, na kukaa upande ni kubaya zaidi kwa sababu kiuno kinakuwa kimejipinda njia nzima. Kuendesha gari kwa kawaida huruhusiwa karibu na wiki ya 6, ukiwa umeacha dawa kali za maumivu na unaweza kukanyaga breki ghafla bila kusita.

Nyonga haiumi tena, lakini bado nachechemea. Kwa nini?

Kwa sababu mbili: misuli bado dhaifu, na mazoea. Mpe mjukuu simu akurekodi video kwa nyuma ukitembea hatua kumi. Tazama mkanda au fundo la khanga kiunoni: linabaki sambamba, au linashuka upande mmoja kila unapokanyaga mguu uliopasuliwa? Likishuka, misuli ya pembeni ya tako inahitaji kazi. Simama umeshika meza, inua mguu pembeni bila kuinamisha mwili, vidole vitazame mbele, rudisha polepole. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili, maana mguu uliosimama nao unafanya kazi. Kisha tembea kwa upande ukifuata ukuta. Baadaye simama kwa mguu mmoja huku vidole viwili tu vimegusa meza.

Katika kutembea kwenyewe, tua na kisigino kwanza, hatua ziwe na urefu sawa, na macho yatazame mbele. Anayetazama vidole vyake huinama, na anayeinama hupoteza mizani.

Wapo vijana wa miaka ishirini na thelathini waliobadilishwa nyonga kwa sababu ya seli mundu, ugonjwa unaoweza kuziba damu isifike kwenye kichwa cha fupa la paja hadi mfupa ukafa. Wengine wao wamechechemea tangu shuleni, kwa hiyo hawana mwendo wa zamani wa kuurudia. Wanaujenga upya, na miezi sita ya kuujenga si mingi. Nawaomba wazazi na waalimu wasiwaharakishe. Hao pia wanywe maji ya kutosha na wasifanye mazoezi kwenye baridi.

Nahisi mguu mmoja umekuwa mrefu.

Mara nyingi ni misuli iliyokaza na kiuno kilichozoea kuinama, na hisia hiyo hupungua ndani ya wiki au miezi michache. Usikimbilie kuongeza soli ya kiatu kabla daktari hajapima.

Nasikia mlio wa "tik" ndani.

Usipoambatana na maumivu, kwa kawaida hauna neno. Ukiambatana na maumivu, rudi kliniki.

Mazoezi yakiuma niache?

Pima kwa kesho yake. Maumivu kidogo yanayotulia usiku yanaruhusiwa. Ukiamka na maumivu na uvimbe zaidi ya jana, punguza nusu, usiache kabisa. Uvimbe wa mguu jioni unaweza kuendelea miezi mitatu au zaidi, na nguvu huendelea kuongezeka hadi mwaka mzima.

Ndugu zangu hawaniachi nifanye chochote.

Ni upendo, lakini ukizidi unamrudisha mgonjwa kitandani. Kila akitaka kuinuka anaambiwa, "Pole, kaa tu, nitakuletea." Gawaneni kazi: mgonjwa achague mambo matatu ambayo ni yake, labda kuchukua chai yake mezani, kukunja nguo akiwa amekaa na kwenda getini kuwapokea wageni. Hapo msimsaidie hata akichelewa. Akae karibu mtu, asimshike mkono. Na msimvute kwapani kumwinua: asogee ukingoni mwa kiti, anyooshe mguu uliopasuliwa mbele kidogo, asukume mikono ya kiti, ainuke mwenyewe.

Kazi nzuri ya ndugu ni kuondoa zulia linalokunjika, kufuta maji sakafuni, kuweka tochi kando ya kitanda kwa usiku umeme ukikatika, na kumnunulia viatu vyenye kisigino kilichofungwa. Ndala zimeangusha wengi.

Tendo la ndoa?

Wengi hurudi kati ya wiki ya 6 na ya 8. Aliyepasuliwa aanze kwa kulala chali au ubavu wenye afya akiwa na mto katikati ya magoti, bila kukunja sana paja. Mwenzi aelezwe mapema, kwa kuwa mara nyingi anayeogopa zaidi ni yeye.

Naweza kuchuliwa mguu kwa mafuta?

Usimruhusu mtu yeyote kuuvuta, kuuzungusha au kuunyoosha mguu huo, hata awe fundi wa kuchua anayeheshimika mtaani. Kovu lililopona kabisa unaweza kulipaka mafuta na kulikanda taratibu kwa vidole. Lakini shavu la mguu lililovimba, lenye joto na maumivu usilikande kabisa. Huenda kuna damu iliyoganda, na kuikanda kunaweza kuisukuma hadi mapafuni.

Lini niende hospitali bila kusubiri kliniki?

Maumivu makali ya ghafla kwenye nyonga, mguu ukawa mfupi au umegeuka na huwezi kuukanyagia: lala, usijaribu kuurudisha, itisha gari. Shavu la mguu lililovimba kama nilivyosema: siku hiyohiyo. Kukosa pumzi au kifua kuchoma ghafla: dakika hiyohiyo. Homa, mshono kutoa maji au usaha, wekundu unaoenea: usisubiri kesho. Na kila utakapong'olewa jino au kupata jipu, hata baada ya miaka, mwambie daktari kwamba una nyonga bandia, maana vijidudu vinaweza kusafiri kwenye damu hadi hapo.

Nimeanguka lakini sijaumia. Nitainukaje?

Tulia kwanza, jikague. Kama hakuna maumivu mapya, geukia ubavu wa mguu mzima, jisukume kwa mikono hadi upige magoti na mikono chini, tambaa hadi kwenye kiti kisichoyumba. Weka mikono kwenye kiti, tanguliza unyayo wa mguu mzima mbele huku goti la mguu uliopasuliwa limebaki chini, sukuma, geuka ukae. Jizoeze jambo hili na mtaalamu kabla hujaanguka, daktari akisharuhusu, kwenye godoro lililotandikwa sakafuni. Kwa wagonjwa wangu wengi hili ndilo zoezi linalobadilisha mwendo wao hata barabarani, kwa sababu aliyekwisha kuinuka chini mwenyewe hatembei tena akiwa ameukaza mwili mzima.